Kamati ya Juu ya Kuhakiki Utii wa Mbu

Umma wote wa Beni, Butembo, Lubero na viunga vyake unafahamishwa ya kuwa hakuna mbu mkaidi katika eneo hili. Aliyekuwepo alishauriwa.

Tangazo hilo lilisomwa redioni asubuhi, likarudiwa mchana, na jioni nikalisoma mimi mwenyewe, Éphraïm, Mwandishi Mkuu wa Kamati ya Juu ya Kuhakiki Utii wa Mbu, kwa sauti ambayo mke wangu alisema inampita mchungaji wetu. Leo watu wa Bungulu, mtaa wa Beni, wakilisikia jina la Kamati wanashika mbavu kwa kucheka. Ndiyo maana nachukua kalamu. Historia ikiachwa mikononi mwa wauza unga wa muhogo, serikali haitabaki na nguo.

Kamati iliundwa baada ya watu wa maabara kuandika kwamba mbu wa Beni wameizoea dawa iliyo katika vyandarua vya zamani. Mbu, walisema, siku hizi anatua juu ya chandarua, anapumzika, anajinyoosha miguu, halafu anatafuta tundu la kuingilia. Wakaleta vyandarua vipya vyenye dawa mbili, ili mbu aliyezoea ya kwanza amalizwe na ya pili. Mabunda yalishushwa Bungulu yakajaza depo nzima hadi kwenye mabati.

Mtu asiye na mafunzo angefungua depo na kugawa. Serikali haiendi hivyo. Chandarua kipya ni jibu, na jibu halitolewi kabla swali halijasajiliwa. Ilibidi kwanza ithibitishwe rasmi kwamba mbu amekaidi, kwa kikao, kwa akidi kamili, na kwa jaribio la kisayansi. Depo ikapigwa kufuli mbili, funguo akatia mfukoni Mkurugenzi wetu.

Mkurugenzi wetu ni Bwana Xavier, aliyetumwa kwetu kutoka jimbo lingine, mwanaume mwenye shingo iliyoumbwa kwa ajili ya tai. Siku alipofika aliuliza jambo moja tu.

"Mbu biko bingi wapi?"

"Beni, Monsieur le Directeur."

"Bon. Donc bureau itakuwa Lubero. Adui hapana kumusoma wakati anakuuma."

Tulishangaa jinsi alivyolielewa eneo upesi hivyo. Lubero iko juu milimani. Kuna viazi, kuna maharage, kuna shule za misheni, na kuna baridi ambayo humfanya mtu aongee kwa kifupi, jambo linalosaidia sana vikao. Hakuna mtu aliyekunja suruali wala mtoto aliyelala kifua wazi. Tulipata nyumba yenye mahali pa kuwashia moto, tukaanza kupambana na mbu.

Kanuni ya jaribio aliiandika Mkurugenzi mwenyewe. Wajumbe wa Kamati, na si mtu mwingine yeyote, watalala chini ya vyandarua vya zamani. Mwananchi wa kawaida anajua kulala, hilo hatukatai, lakini hana mafunzo ya kulala kisayansi. Basi tukatundika vile vyandarua vya buluu vilivyokusanywa kwenye nyumba za watu, vingine vina matundu ya kupitisha kichwa cha kuku, tukavaa soksi, tukajifunika mablanketi mawili mawili, tukalala usingizi wa watu wenye dhamiri safi.

Asubuhi tulipekua vitanda vyote. Mbu hakuna. Tulirudia wiki nzima, mbu hakuna. Bibi Christa, afisa wetu wa itifaki, alimpata mmoja tu, ndani ya jeep, amekufa miguu juu. Gari lilikuwa limetoka Beni siku hiyohiyo. Mkurugenzi alimweka juu ya karatasi nyeupe, akamtazama kwa huruma ya mtu aliyeshinda.

"Huyu alisikia dawa akiwa bado njiani," alisema. "Moyo ukasimama."

Dereva alisema anafikiri mbu kafa kwa baridi. Dereva alikumbushwa kwamba kazi yake ni usukani.

Ndipo tukatoa lile tangazo. Vyandarua vya zamani vinafanya kazi kikamilifu, ukaidi wa mbu ni uvumi, depo ibaki imefungwa mpaka hapo mbu watakapobadili msimamo. Na ili kuwaziba midomo wakosoaji, Mkurugenzi aliongeza maneno yake mwenyewe, moja kwa moja hewani. Mwenye mashaka, alisema, na aombe jaribio lirudiwe nyumbani kwake. Wajumbe walewale watalala chini ya vyandarua vilevile katika hali ileile, wala hawataondoka hapo mpaka matokeo yafanane na ya Lubero.

Tulipiga makofi mpaka mtangazaji akatuomba tupunguze. Yalikuwa maneno ya mtu anayejua hakuna atakayeomba.

Mama Kaswera aliomba.

Huyu Kaswera anauza unga wa muhogo soko la Beu, anakaa Bungulu, na ndiye kiongozi wa kina mama wa kanisa lao. Anao watoto wakubwa wanaojitegemea, na kitinda mimba mmoja, Hadassa, ambaye bado hajaanza shule kwa sababu kila wanapomshonea yunifomu anashikwa na malaria na yunifomu inampwaya. Mama alipanda kutoka Beni mpaka Lubero, kitenge chini na koti la mtu mwingine juu, akaingia ofisini akitetemeka, akaketi bila kuambiwa.

"Directeur, miye nilisikia ku radio. Niko na mashaka."

"Mashaka ya namna gani, mama?"

"Ya mutoto. Hadassa anagonjwaka palu, malaria, anapona, anagonjwa tena. Na mu musitikere yenu ya bleu analalaka kila siku! Mbu banaingia mule sawa mu kanisa, tena banakaa ku banc ya mbele."

"Mais mama, résultats iko wazi. Zéro mbu."

"Iyo ni zéro ya Lubero. Hata miye huku sijaona mbu, nimeona tu baridi. Mukuje kwetu mulale. Mulisema wenyewe."

"Eh... tutaunda sous-commission, kamati ndogo, ya kuangalia ile demande."

"Mukuje na sous-commission yenu. Vitanda biko."

Mkurugenzi alinitazama. Mimi nikatazama moto. Bibi Christa, ambaye ana akili ya haraka, alisema kwamba ombi linahitaji kupitia ngazi, na ngazi zinaanzia mtaa, kisha komuni, kisha mji. Mama Kaswera akasema ngazi zote amezipanda, na kwamba waandishi wa redio wako hapo nje, kwani ndio waliompa lifti.

Tukashuka. Njia nzima kutoka Butembo kwenda Beni joto lilikuwa likiongezeka, na Mkurugenzi akalegeza tai mara ya kwanza tangu nimjue.

Bungulu walitupokea kwa nyimbo. Kina mama walipika sombe ya majani ya muhogo, samaki na bugali, wakatuombea kwa muda mrefu kiasi kwamba samaki walipoa. Tulipangiwa nyumba ya wageni ya kanisa, safi, iliyopakwa chokaa, ukingoni mwa bonde ambako watu wanachimba udongo wa kufyatulia matofali. Kila shimo la udongo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Mazingira yenye uhai, niliandika.

Vitanda vilikuwa tayari, na vyandarua vyetu vya buluu vimetundikwa kwa uangalifu mkubwa. Mkurugenzi alikagua chumba chake.

"Mama Kaswera, na ventilateur, ile feni?"

"Ku Lubero mulikuwa na ventilateur?"

"Hapana, mais..."

"Hali ileile, Directeur. Ulisema ku radio." Akageuka, akaita mlangoni. "Bamama! Mulete yale mablanketi!"

Yakaja mablanketi mawili mawili kwa kila mjumbe, ya sufu, yamepigwa jua yakawa ya moto tayari. Na soksi. Walikuwa wamechanga soksi nzima kanisani.

"Si lazima kufunika yote," nilinong'ona.

"Yote, Rapporteur," alisema Mama Kaswera kwa upole. "Sisi hatujui kulala kisayansi. Tutaangalia ginsi munafanya, tujifunze."

Yaliyofuata gizani hayakuingia katika ripoti, kwa sababu ripoti ni kitu cha heshima. Nitasema tu kwamba mwenye blanketi aliiva na asiye na blanketi aliliwa, na kila mjumbe alikuwa huru kuchagua. Asubuhi Mkurugenzi alitoka na jicho moja limefungwa na mdomo wa juu umepandishwa cheo.

Tuliketi kikao barazani. Kina mama waliokuwa wakipita kwenda sokoni, unga kichwani, walisimama langoni.

"Directeur! Leo iko zéro ngapi?"

"Uchunguzi unaendelea!" alijibu, lakini kwa mdomo ule ilisikika vingine, na kicheko kilienda nao mpaka Beu.

Kikao kiliamua kwamba vile vivimbe ni vumbi la barabarani. Asubuhi iliyofuata kiliamua kwamba ni samaki. Asubuhi nyingine, baada ya Bibi Christa kumwua mmoja juu ya shavu la Mkurugenzi, kwa kofi ambalo bado tunajadili kama lilikuwa la kisayansi tu, ikabidi tukubali kwamba ndani ya vyandarua mna wadudu. Lakini je, ni mbu wa Beni? Nani kawaona wakiandikishwa? Mkurugenzi alitoa hoja kwamba hao ni wapita njia wasio na kitambulisho, na kwamba mbu halali wa mji huu wanaendelea kutii. Niliandika hoja hiyo vizuri sana kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia nilikuwa najikunia.

Siku ya soko kubwa Mkurugenzi alikumbuka ghafla kwamba anasubiriwa Butembo. Jeep iliwashwa. Tulipofika langoni tulimkuta Mama Kaswera na kwaya nzima, sare ya kitenge, ngoma mbele.

"Directeur, unaenda? Basi ni kusema mulipata zéro! Haleluya! Twende sote ku radio useme. Hata televisheni nimebaita, batu baone uso yako."

Mkurugenzi aligusa uso wake.

"Problème eza te, hakuna shida, mama. Nilikuwa najaribu tu moteur."

Dereva alizima injini. Alikuwa na furaha isiyo ya kawaida kwa mtu wa ngazi yake.

Wiki ya pili ilikuwa imeshaanza pale adhuhuri moja, jua limesimama juu ya mabati na mbuzi wamejibana kwenye kivuli, Mkurugenzi alipokuja kikaoni amejifunika blanketi zote mbili kwa hiari yake. Meno yaligongana.

"Hakuna... résistance," alisema. "Iko... climat tu. Beni imeanza kuwa na baridi... sawa Lubero. Andika, Éphraïm."

Niliandika kwamba Beni ina baridi. Jasho langu lilidondoka juu ya neno hilo.

Mama Kaswera alikuwa ameleta chai. Aliweka kikombe chini, akamshika Mkurugenzi paji la uso kama anavyomshika mtoto wake, wala hakucheka.

"Huyu iko na palu," alisema. "Mumupeleke sasa hivi. Munangoja nini? Signature?"

Kwa kweli tulikuwa tunangoja sahihi. Kituo cha afya kilimtoboa kidole, na kidole kikatoa jibu lililo kinyume na tangazo la Kamati. Vitanda vilikuwa vimejaa watoto, vichwa huku na miguu kule, mama zao sakafuni. Palikuwa na nafasi moja, pembeni ya Hadassa. Alikuwa amerudi tena tangu juzi. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama wa kijiko, na yunifomu ya shule ilikuwa imekunjwa chini ya kichwa chake kwa sababu hakutaka iachwe nyumbani. Niliona aibu. Neno hilo halimo katika kanuni za Kamati, naliandika hapa kwa jukumu langu mwenyewe. Depo yenye kufuli mbili inaonekana kutoka dirisha la chumba kile.

Hadassa alimwangalia Mkurugenzi akisukuma vidonge kwa ulimi.

"Tata, usiteme. Ukitema banakupatia ingine."

Mkurugenzi wa Kamati ya Juu alimeza.

Aliagiza kikao cha dharura papo hapo. Akidi ilitimia kirahisi, maana Bibi Christa alikuwa kitanda cha pili na mweka hazina wetu kwenye mkeka karibu na mlango. Mkurugenzi, macho yamefumbwa, alitamka kwamba Kamati, baada ya uchunguzi wa kina, imebaini kuwa mbu wa Beni ni wakaidi, tena ni wakaidi wabaya, tena ni wa... Maneno mengine niliyaacha. Akatoa funguo mfukoni. Nilinyoosha mkono kuzipokea kwa niaba ya dola. Mama Kaswera alikuwa karibu zaidi.

"Wasingya, aksanti, Directeur," alisema, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Sijawahi kuona kazi ya serikali ikienda mbio hivyo, na kama mtumishi wa umma ilinisikitisha. Kabla hatujapanga kamati ndogo ya ugawaji, mabunda yalikuwa yamekwisha toka. Kwanza wajawazito na wenye watoto wadogo, halafu wengine, mlango kwa mlango. Chandarua kipya kinatakiwa kupigwa hewa kivulini siku nzima kabla ya kulaliwa, na kina mama walihakikisha. Vilining'inia kwenye miparachichi, kwenye baraza, kati ya nyumba na nyumba, vyeupe kila mahali, na watoto wakakimbia katikati yake wakipiga kelele wakifukuzwa na bibi zao. Hata mimi nilijikuta natabasamu, nikaacha mara moja.

Homa zilianza kupungua mtaani. Mkurugenzi naye alipona, na kwa kuwa alipona, alipata wazo. Alipiga simu redioni.

"Mimi mwenyewe," alisema, "kwa mwili wangu mwenyewe, nilijitoa kwa mbu wa Beni ili kugundua ukaidi wao. Nilikataa starehe. Nilikataa ventilateur! Na wananchi wajue, kati ya vyandarua vipya vyote, hakuna hata kimoja kilichobebwa na kiongozi. Hata kimoja!"

Lilikuwa tangazo zuri kuliko la kwanza. Likafika mji mkuu. Huko wakubwa walifurahi kupita kiasi, maana hawakuwahi kusikia mkurugenzi aliyegundua kitu kwa ngozi. Simu ya pongezi ilikuja tukiwa tunafunga mizigo ya kurudi Lubero. Mkurugenzi aliweka spika ili sote tusikie utukufu.

Wakubwa walimpandisha cheo. Tangu leo yeye ni Mtafiti Mkazi wa Kudumu, Bungulu, pamoja na Kamati yake yote. Kwa sababu, walieleza, sayansi inahitaji ulinganisho. Wananchi wakilala chini ya vyandarua vipya, lazima pawe na watu wachache wanaoendelea kulala chini ya vile vya zamani, ili tofauti ionekane mwaka hadi mwaka. Na katika nchi nzima, nani ana uzoefu huo?

"Hongera sana!" sauti ilisema, ikakata.

Bibi Christa alianza kulia kwa utaratibu. Mkurugenzi alivaa koti, akakaza tai, akaniambia nimfuate. Tulikwenda kwa Mama Kaswera. Tulimkuta uani anapepeta unga. Hadassa alikuwa shuleni. Yunifomu, nilisikia, ilibidi kupunguzwa kiuno tu.

"Mama na ngai, mama yangu," alianza Mkurugenzi kwa sauti ya chini, akatazama huku na huku. "Hakuna kamusitikere kamoja kalibaki? Kadogo tu. Hakuna mutu atajua."

"Directeur! Ulisema ku radio hakuna chef mwenye kubeba. Bungulu yote ilisikia, hata mbu balisikia. Unataka bamama baseme Directeur wetu ni mwongo? Miye nitakubali iyo?"

Alimhurumia kweli, niliona usoni mwake. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na sindano kubwa ya kushonea magunia, kibunda cha uzi, na kigoda.

"Keti, Tata. Lete ile musitikere yako hapa ku mwangaza. Dawa yake miye siwezi kurudisha, lakini matundu tunaweza."

Mkurugenzi alivua koti. Akavua na tai, akanipa niishike. Alijitahidi sana kutia uzi kwenye sindano mpaka Mama Kaswera akaulowesha kwa mate na kumtilia, na pale, juu ya kigoda, mbele ya wateja wa unga waliokuwa wanazidi kusogea ukutani, Mkurugenzi wa Kamati ya Juu alianza kushona.

"Shona karibu-karibu, Directeur," alisema Mama Kaswera, akirudi kwenye ungo wake. "Ukishona mbali-mbali, banapitaka."